Taya linauma, jino nimeng'olewa bure

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na ukiona ndefu ikate tu ila usikate pale penye mazoezi maana ndo penyewe. Mi ni fundi cherehani, nipo Ngamiani hapa Tanga, huu mwaka wa ishirini na tatu nashona, suruali, sare za shule, kanzu msimu wa Idd, na miaka yote hiyo uzi nimeukata kwa meno. Mkasi upo tena mzuri, lakini mkasi unapotea chini ya vitambaa na meno yapo hapohapo mdomoni, fundi yeyote anayesoma hapa anajua nasema nini. Pini nazo nazibana kwa meno, saba nane, nimeinamia mashine shingo imetangulia mbele kama kobe, mdomo umekazwa zisidondoke. Ndo kazi yetu hiyo.

Sasa mwaka juzi kuelekea Januari, ule msimu wa sare ambao fundi halali, nikaanza kusikia kitu kinalia mbele ya sikio la kulia kila nikitafuna. Ka! Kama umevunja kijiti kikavu. Sikujali. Baada ya wiki kadhaa ikaja maumivu, yanaanza pale mbele ya sikio yanapanda kwenye panja yanashuka mpaka shingoni, asubuhi naamka taya zito kama nimetafuna muwa usiku kucha, na mama watoto ananiambia ndo ulikuwa unafanya hivyo, unasaga meno mpaka naogopa kulala. Nikaenda duka la dawa nikauziwa dawa ya matone ya sikio. Nikatia siku tano, sikio likawa safi maumivu yakabaki palepale. Nikaambiwa basi ni jino.

Hapa ndo panaponiuma mpaka leo. Nilienda sehemu moja wanang'oa meno, jina sitaji, jamaa akagonga gego la mwisho na kile kichuma chake akaniuliza hili? Mi upande wote unauma nikasema hapohapo. Hakupiga picha, hakuuliza lini limeanza, hakunishika shavu, ganzi, koleo, elfu ishirini, nenda nyumbani usisukutue leo. Pengo likapona vizuri kabisa. Maumivu yakabaki. Nikarudi akasema basi litakuwa la jirani yake, mi nikawa tayari kukaa tena kwenye kile kiti maana mtu mwenye maumivu hana akili, ni mama watoto aliyenizuia, akasema baba, utamaliza meno yote halafu uje uniambie ni sikio.

Kati ya hapo nilikunywa diklofenaki, vile vidonge vya maumivu, kama karanga. Nimeweka karafuu, nimesukutua maji ya chumvi, mzee mmoja akanipa tumbaku nibane, tumbo likaanza kuniwaka, kwahiyo nikawa mgonjwa wa vitu viwili.

Nikaja kupata daktari wa meno mwingine, mtulivu, ambaye kitu cha kwanza hakuangalia meno. Aliweka vidole vyake mbele ya masikio yangu yote mawili akasema fungua, funga, fungua. Halafu akabonyeza ule msuli wa shavu unaovimba ukiuma meno, nikaruka. Akacheka kidogo akasema baba meno yako mazima, kilichochoka ni misuli na kiungo cha taya, nakuandikia uende fizio, kwa wale wa tiba ya mazoezi ya viungo. Nikamshangaa. Fizio si ya waliopooza na waliovunjika miguu? Na chumba chenyewe kiko korido ileile, milango minne mbele, nimekipita mara ngapi na shavu langu nimelishika.

Ndani nikamkuta binti tu, nadhani hata thelathini hajafika. Shikamoo baba, marahaba. Akaniambia fungua mdomo uweke vidole vyako vitatu, kimoja juu ya kingine. Viliingia viwili kwa tabu. Akasema mtu mzima wa kawaida vitatu vinapita, yaani milimita 40 au zaidi kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mi nikatoa tepu mfukoni (fundi hatembei bila tepu) tukapima: 27. Nikaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, jina langu juu, chini yake 27, kama nashonewa suruali ya mdomo.

Akanieleza kiungo chenyewe, nami nikielezwa kwa kushikishwa naelewa. Weka kidole mbele ya sikio ufungue mdomo, unasikia kitu kinatembea, ndo hapo. Mfupa wa taya la chini unakaa kwenye kishimo cha fuvu, katikati yao kuna kijisahani cha gegedu cha kuzuia mfupa usisugue mfupa. Ukianza kufungua mdomo taya linazunguka kama bawaba ya mlango, halafu ukiendelea linateleza kwenda mbele, na kijisahani kinatakiwa kiende nalo. Kikitangulia au kikichelewa kinarudi mahali pake kwa mlio, ndo ile ka! yangu. Na misuli ikikazwa mchana na usiku inachoka na kuuma kama mguu wa mtu aliyepanda Usambara kwa miguu, ila kwa kuwa neva za taya, sikio, meno na panja zimepakana sana maumivu yanajifanya yako kwingine.

Halafu akaniuliza swali ambalo naomba kila msomaji ajiulize sasa hivi kabla hajaendelea: baba, sasa hivi meno yako ya juu na ya chini yamegusana au yameachana? Nikajisikilizia. Yamegusana, tena yamebanana. Na hapo niko nimekaa kwenye kiti sili kitu. Akasema kama hutafuni na humezi meno hayatakiwi kugusana, midomo ndo inafungwa, meno yanaachana kidogo, ulimi unakaa juu nyuma ya meno ya mbele, palepale unapotamka "n". Wallahi miaka arobaini na sita sikuwahi kujua. Nilidhani mdomo kufungwa ni meno kufungwa.

Basi mazoezi yenyewe, na naandika kama nilivyofundishwa, sio kwamba kila mtu ayabebe yalivyo. La kwanza ni hilohilo la kutamka "n", ulimi juu, meno yaachane, unapumua kwa pua taratibu. La pili unabaki na ulimi juu kwenye kaakaa halafu unafungua mdomo bila kuutoa, hapo mdomo haufunguki sana na ndo maana yake, taya linajifunza kuzunguka bila kuchomoka. Hili unalifanya mbele ya kioo. Mi nilipojiangalia nikacheka peke yangu, taya linaenda kulia halafu linarudi katikati kama daladala iliyogongwa inayokimbia upande. Kazi ni kulishusha linyooke, polepole, ukiona linakimbia unarudi unaanza. La tatu unaweka dole gumba chini ya kidevu unasukuma kidogo sana huku unataka kufungua mdomo, taya lisitembee, hesabu mpaka sita. Kisha vilevile pembeni, kiganja kwenye kidevu kulia, kushoto. Alisisitiza kidogo sana, nguvu ya kubonyeza tomato usilipasue. La mwisho ni la shingo, maana alisema taya haliko peke yake: kaa wima, kidevu kirudishe nyuma kama unajitengenezea kidevu cha pili, mabega chini. Yule kobe wa kwenye cherehani arudi ndani ya gamba.

Kila moja mara sita, na siku nzima mara sita. Nikauliza kwanini sita sita, akasema mpango huo unatokana na mtaalamu wa fiziotherapia wa Chile anaitwa Mariano Rocabado, mazoezi sita, kila moja mara sita, mara sita kwa siku, yeye kanipunguzia na kunibadilishia mengine kulingana na taya langu. Nikamwambia mara sita kwa siku mi nitasahau. Akafikiri akasema baba unaswali? Basi kila baada ya swala, na moja kabla ya kulala. Tano na moja sita. Tangu siku hiyo sijasahau.

Akaongeza kitambaa cha maji ya moto shavuni dakika kumi usiku (mi natumia kanga ya zamani), kuukanda ule msuli wa shavu kwa vidole viwili kwa kuzungusha, chakula laini kwa muda, hakuna bigijii, hakuna mahindi ya kuchoma, hakuna mihogo mibichi, na uzi ukatwe kwa mkasi. Hilo la uzi ndo lilikuwa gumu kuliko yote. Na wale ndugu zetu wa mirungi, wanaovimbisha shavu moja kutwa nzima, nikiwaona siku hizi taya linaniuma kwa niaba yao.

Sasa nisikudanganye kwamba ilikuwa siku tatu nikapona. Wiki ya pili nikajifanya mjuaji. Nikaona mbona mazoezi yenyewe mepesi, nikaanza kuufungua mdomo kwa vidole kwa nguvu, kama navuta mpira wa kiunoni, nikitaka nifike 40 haraka. Jioni moja taya likagoma. Halifungi sawasawa halifunguki, nusu saa nzima nimekaa barazani na kanga ya moto natema mate kama mtoto mchanga, mteja kaja kuchukua kanzu yake nashindwa kumwambia bei. Binti aliponisikia alinuna kabisa, akasema baba haya sio mazoezi ya kunyanyua vyuma, maumivu kidogo yanayoisha baada ya muda mfupi sawa, yakibaki mpaka kesho umezidisha. Nikaanza upya kwa adabu. Wiki ya tatu asubuhi zikaanza kuwa nyepesi. Wiki ya sita tepu ikasoma 41. Diklofenaki nilishaacha kabla ya hapo, hata sikumbuki siku gani.

Mpwa wangu anasoma udaktari, nilipomsimulia nikidhani atanicheka akanitafutia vitu kwenye simu akanisomea kwa Kiswahili. Kwamba Desemba 2023 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya taya ya muda mrefu, na vilivyopendekezwa kwa nguvu ni vitu vya namna hii hii: mazoezi ya taya na ya kunyoosha chini ya mtaalamu, mazoezi ya mkao, kukandwa kwa mikono, mazoezi ya nyumbani pamoja na mgonjwa kueleweshwa tatizo lake, na mazungumzo ya kitaalamu ya kubadili mawazo na tabia maana msongo nao unakaza taya. Vilivyokataliwa kwa nguvu ni kama kukitoa kile kijisahani kwa upasuaji, na kuchanganya dawa za aina ya diklofenaki na zile kali za jamii ya mofini. Akanisomea pia kwamba mwaka 1934 daktari wa masikio wa St. Louis kule Marekani, James Costen, aliandika kuhusu wagonjwa wenye maumivu ya sikio na kichwa ambayo shina lake aliliona kwenye kiungo cha taya, kumbe sio mimi wa kwanza kutia matone kwenye sikio lisilo na kosa. Ila yeye alilaumu sana magego yaliyong'oka na jinsi meno yanavyokutana, na watu wengi waliotibiwa baada yake walichongwa na kuinuliwa meno kwa fikra za namna hiyo. Na miaka ya 1980 hukohuko Marekani watu walipandikizwa vipande vya plastiki ya Teflon kwenye kiungo hicho, vikasagika ndani, vikala mfupa, mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka yao ya dawa FDA ikaviondoa sokoni. Nilipomaliza kusikia hilo nikaona pengo langu moja ni nafuu.

Sisemi watu waache hospitali wafanye mazoezi. Hapa naomba nieleweke kabisa maana najua watu wetu wakisikia kitu kimemsaidia fulani wanatupa na vidonge vya presha. Mazoezi yanakwenda pamoja na matibabu, na yanakuja baada ya mtu kupimwa akajulikana ana nini. Taya linaweza kuuma kwa jino bovu kweli. Maumivu ya taya yanayokuja na kifua kubana, jasho na pumzi kukata ni moyo, hapo unakimbia. Mtu ana kidonda halafu mdomo unakaza haufunguki, hiyo inaweza kuwa pepopunda, hakuna cha kioo wala ulimi juu. Mzee wa miaka zaidi ya 50 panja linauma, taya linachoka akitafuna na macho yanaanza kufifia, aende siku hiyohiyo, anaweza kupofuka. Uvimbe unaokua, ganzi mdomoni, kukonda, hivyo navyo si vya fizio. Na mtoto akivimba taya msimkandekande, kuna saratani ya watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliiandika mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona hapo jirani Uganda, wamevimba mataya, inakua haraka sana na ikiwahiwa inatibika.

Lakini kuna kundi lingine ambalo mazoezi haya lingeyahitaji kuliko hata mimi na halipewi, vijana wa bodaboda. Mtaa wetu kuna mmoja, alianguka akavunjika taya, akafungwa waya meno ya juu na ya chini, wiki sita anakunywa uji na supu kwa mrija mpaka suruali niliyomshonea ikawa inamdondoka. Siku waya unatolewa mtaa mzima tulisubiri ale ugali. Mdomo haukufunguka! Kidole kimoja tu ndo kinapita. Akarudishwa nyumbani hivyohivyo eti utalegea wenyewe. Miezi miwili baadaye bado anakula kwa kijiko cha chai, kimya, anaona haya kula mbele za watu. Nikamshika mkono nikampeleka kwa yule binti. Binti akauliza kwanza picha ya mfupa iko wapi, tukarudi kwa daktari kuipata, alipoona mfupa umeshika ndipo akaanza naye. Alichompa kilinichekesha, vijiti vya lambalamba. Vile vya mbao, vipya, unavipanga kimoja juu ya kingine unaviingiza kati ya meno, unabaki hapo kidogo, unapumzika, ukizoea unaongeza kimoja. Alianza na vijiti sita. Jana kanipitia dukani ananionyesha kumi na tano anacheka na mdomo wazi, cheko ambalo nilikuwa nimelisahau.

Ndipo nauliza kupitia gazeti lako: kwanini mtu atoke wodini na karatasi ya vidonge tu bila karatasi ya mazoezi? Dawa inaandikwa, tarehe ya kurudi inaandikwa, zoezi la dakika tano lisilohitaji hata mashine haliandikwi. Wataalamu wa fiziotherapia tunao, hospitali ya KCMC kule Moshi wanafundisha fani hiyo tangu miaka ya sabini huko, na kwa hospitali niliyoenda mimi meno na fizio ni korido moja. Ni suala la milango minne. Daktari wa meno akimwona mgonjwa wa shavu aandike, fizio akimwona mgonjwa wa shingo aulize na taya, mbona ni kidogo tu. Na wale wa koleo, jamani, kabla ya kung'oa mshike mtu shavu. Mwambie afungue mdomo. Muulize anasaga meno usiku? Anafanya kazi gani? Mi ningeulizwa kazi tu ningekuwa na magego yangu yote.

Na nyie gazetini ukurasa wa afya mnao, mnaandika juu ya tangawizi na mlonge kila wiki, wiki moja mchoreni mtu anayefanya haya mazoezi kwa picha, akague mtaalamu kwanza, mafundi na makondakta na walimu wanaosahihisha madaftari usiku watayakata wabandike ukutani. Mi nipo tayari kupigwa picha mdomo wazi, bure.

Mlio bado upo, siwezi kusema uongo. Nikipiga miayo sana, ka! Binti amesema mlio usiouma hatuufukuzi, tuuache. Kijana ninayemfundisha kushona nimemfungia kijimkasi kwa utepe shingoni, siku ya kwanza akanikasirikia kwamba namfanya mtoto wa chekechea, juzi nikamkuta ameinama pale kwenye mashine uzi uko mdomoni, akaniona, akautoa taratibu akaukata kwa mkasi huku ananiangalia.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga